Gramu Nne

Mizani ya dukani kwa Moraa, ile ya kupimia iliki,
ilisema: kisahani, mia moja sabini na tano.
Taa, betri yake ya saa, na utepe wa kuibandikia: nne.
Nne! Nikacheka.
Nne ni nini? Kiganja cha mtoto kina vumbi zaidi.

Saa mbili usiku, Julai, baridi ya kukaza viwiko,
uwanja ule nyuma ya kiwanda cha magodoro, Baba Dogo.
Kikapu alikichomelea Kilonzi
kwa rimu za baiskeli na minyororo ya mbwa.
Mchana kisahani changu nakijua tabia:
kinatoka mkononi, kinanyooka, kinatulia juu ya mtaro,
halafu kinakunja kushoto
kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka.

Usiku ule kilikumbuka mapema.

Nilikuwa nimeibandika taa ukingoni,
kwa tamaa ya macho tu:
taa ya ukingoni, kisahani kikizunguka, huchora duara,
pete ya buluu inayokwenda zake hewani,
na nani hapendi pete?
Lakini pete yangu ilikuwa na kigugumizi.
Ikayumba, ikatikisa bega,
ikaanguka chali hatua ishirini kabla ya mtaro,
taa ikiwatazama popo.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," nikajitetea.
"Ng'ombe kazaliwa nayo," akasema Moraa.
"Hii umeibandika wewe, jana, ukitazama mpira."

Tukaihamishia kitovuni.
Kikaenda sawa, sawa kabisa, kigugumizi kikaisha,
na kuona nako kukaisha:
pete ikawa nukta.
Nukta haikwambii imeinama upande gani,
haikwambii kama bado inazunguka au imechoka.
Inakwenda, inakwenda, kisha haiendi.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
lakini nilipopima kwa hatua
haba ile ilikuwa imeninyang'anya hatua tatu.

Tulikuwa tumechuchumaa tukibishana, kucha zikibandua gundi,
ndege ikapita juu ikishuka Embakasi.
Taa nyekundu bawa hili, kijani bawa lile.
Moraa akainua kichwa.
Hakusema kitu. Akafungua mkoba
(mizani alikuja nayo, kama mtu anayemshuku muuza nyama)
akapekua chenji.
Shilingi: nzito mno.
Sumni ya zamani, ile ambayo hata makanga haipokei,
pamoja na utepe wake: nne.
Nne na unywele.

Taa upande huu wa ukingo, sumni upande wa pili.
Sasa nilibeba nane badala ya nne
na mkono uliijua tofauti kabla yangu.
Nikatupa.

Pete.
Pete nzima, tulivu, haina neno na mtu,
ikapita juu ya majani yasiyofyekwa,
ikaanza kushuka mapema, nzito, bila aibu,
kama mama mja mzito anayeteremka ngazi
na hataki kushikwa mkono.
Ikaingia mtaroni. Tuliisikia: chubwi.
Maji yakawaka kijani kwa chini.

Ndipo Kilonzi, aliyekuwa kimya jioni nzima,
akatoa chake, kikavu, hakina taa wala sumni,
mia moja sabini na tano tupu,
akakitupia giza.
Hatukuona kitu.
Tukahesabu, kila mtu hesabu yake.
Minyororo ikalia.

Nitakiri: nilimwonea wivu mpaka mfupani.
Akatoa cha pili, akatupa vilevile, mkono uleule,
tukasikiliza,
tukaendelea kusikiliza,
mbwa wa kiwandani akabweka mara moja akaacha.
Kile hatujakipata hadi leo.

Mimi changu nilikifuata mtaroni,
suruali nimeikunja hadi magotini, maji ya barafu,
nikiongozwa na gramu nne.